Shusha Turubai, Hata Wageni Wakiwa Wamekaa

Nakumbuka alasiri ile upepo ulipotukuta kijijini Janga, mama yangu ana mtoto mchanga mapajani na wageni wametujaa. Mwanangu, nakwambia haya kwa sababu jana nilikuona ukikunjua lile turubai la ubavuni mwa gari lako, ukasema Jumamosi mnakwenda kupiga kambi kwenye msitu wa Kisarawe, wewe, mkeo, mjukuu wangu na marafiki zenu. Turubai ni zuri, sikatai. Ila nilipoona unavyokaza kamba zake, nilikumbuka zangu.

Sisi tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia Pwani kutoka kaskazini. Nyumba hatukuwa nayo. Tulikuwa na lori la mjomba, ambalo lilitufikisha kiwanjani kisha likagoma kuwaka, na turubai tulilolifunga kwenye bodi yake, upande wa pili tukalisimamisha kwa nguzo. Chini yake tulipika, tukala, tukalala, na mdogo wangu alizaliwa hapo hapo. Baba alikuwa amekwenda Mlandizi kutafuta mabati, akaniachia mimi kambi. Nami, kijana wa ndevu mbili tatu, nikajiona mwenye mji.

Siku hiyo majirani zetu, wenyeji wa pale, walikuja kumwona mtoto. Walileta uji na khanga, mbele yao Bibi Mwanahawa, mzee wa nyumba ya pili. Mama akawaandalia chai. Hawajafika nusu ya vikombe, turubai likaanza kujaa upepo na kupiga kelele.

La kufanya nilikuwa nalijua, na mama pia. Lakini utamshushiaje mgeni turubai kichwani na kikombe bado kiko mkononi? Kwetu hiyo ni kumfukuza. Mama alinitazama, akatikisa kichwa. Basi nikaongeza kamba, nikaongeza mafundo, mwishowe nikaikumbatia nguzo kwa mikono miwili huku nawatabasamia wageni.

Bibi Mwanahawa akaweka kikombe chini. “Mjukuu wangu, hiyo nguzo umeichumbia?”

“Ni upepo kidogo tu, bibi. Nyie kaeni, mnywe chai.”

“Chai tutainywa ndani ya lori. Sisi unatuonea haya, na huyu mtoto je?” Akainuka, akakunja mkeka wake mwenyewe, akampokea mama mtoto. “Leo wageni tunajifukuza wenyewe. Haya, shusheni.”

Akina mama wakainuka wakicheka, wakapanda kwenye bodi ya lori huku wakisukumana, na mama nyuma yao. Mimi nikafungua kamba. Zote zilifunguka isipokuwa ile niliyoikaza kwa mafundo ya hofu. Nikiwa bado nahangaika nayo, upepo ukaliingia turubai, ukaling'oa na nguzo yake, na nguzo ikaangukia kigoda alichokuwa amekalia mama. Kigoda kikapasuka. Nilikaa chini nikalia mbele za watu, na yule bibi akashuka kwenye lori, akanishika kichwa. Mtoto mwenyewe ni baba yako mdogo, huyu anayekutania kila sikukuu.

Kwa hiyo, mwanangu, ukifika Kisarawe, miti ikianza tu kuinama, kunja turubai. Usingoje kuona kama upepo utapita. Usiliache wazi mkienda kutembea, wala mkiingia kulala. Funga fundo linalofunguka kwa kuvutwa mara moja, na mvua ikinyesha inamisha upande mmoja maji yatiririke. Ukilikunja likiwa limelowa, ukirudi lianike, maana kuvu nayo inakula.

Hayo ya kamba utayazoea. Ninalokuomba hasa ni kwamba usiwaonee haya marafiki zako. Waambie, “Jamani, inukeni, tunashusha,” hata kama nyama ndiyo kwanza imeiva. Atakayenuna mwache anune, atapona. Na siku ukiwa wewe ndiye mgeni, ukamwona mwenyeji anahangaika na nguzo huku anakutabasamia, usimngoje akuombe. Inuka wewe kwanza, ubebe mkeka wako.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe upepo wa kupunga tu, ailinde familia yako chini ya kivuli hicho, na awajalie wageni wanaojua kuinuka.