Salamu za Mwenye Gari

Pikapu ile niliinunua kwa mzee mmoja wa Segese aliyekuwa anahamia Kahama kwa mwanawe, kwa sababu macho yalikuwa yamemchoka. Ni ya dizeli, ya kijani iliyopauka, na imetumika miaka mingi kuliko niliyofundisha shule ya msingi, nami nilifundisha mpaka nikastaafu. Alinionyesha namna ya kuiwasha kama mtu anayekabidhi mgonjwa: fungua swichi, usiwe na haraka, subiri plagi zipate moto na ile taa ya njano izime, ndipo upige stata. Akanionya nisiiache imalize mafuta hata siku moja, maana hewa ikiingia kwenye mipira ya dizeli nitapampu kwa mkono mpaka kiganja kitoke malengelenge. Alipotaka kurudia nikamwambia nimeelewa. Sipendi kuelekezwa mara mbili.

Gari nililihitaji kwa ajili ya duka. Baada ya kumzika mume wangu Kishapu sikuweza kuendelea kukaa kwenye ile nyumba. Nikaja Segese kufungua duka la dawa za mifugo, nikiamini kwamba penye mgodi pana watu, na penye watu mtu hakai peke yake. Nilijidanganya. Watu walikuwepo tele, ila kila mmoja katoka kwao na anafuata lake. Kishapu niliitwa kwa jina la mwanangu wa kwanza, kama mama yeyote. Segese nikawa Mama Dawa. Miaka miwili mizima hakuna aliyeniuliza mwanangu anaitwa nani.

Siku ya kwanza kupeleka dawa kwenye mnada wa ng'ombe kwa gari langu mwenyewe, nilishangaa. Mwanamke aliyekuwa anapalilia karanga aliacha jembe akainua mkono, anacheka. Mbele kidogo wachungaji wawili wakanipungia fimbo. Mzee mmoja akashuka kabisa kwenye baiskeli yake, akavua kofia. Moyo ukanijaa. Kisha nikawakaribia, wakaniona usoni, na mikono ikashuka. Kumbe walikuwa wanamsalimu mwenye gari, yule mzee, aliyewabebea wagonjwa, magunia na maiti zao miaka yote ile.

Fundi wangu wa pale Segese alishauri tuipake rangi upya. "Mama, hii kijani imekwisha. Tupige nyeupe, watu wajue ni la kwako."

Nikamjibu kwa ukali kwamba nimemwita kwa ajili ya klachi, si rangi. Akarudi chini ya gari, maskini. Sikuweza kumwambia kwamba ile mikono nilikuwa naitaka, hata kama ni kwa ule muda mfupi kabla hawajanitambua. Mtu mzima mimi, mwenye wajukuu, nilikuwa naamka siku ya mnada na furaha kwa ajili ya salamu zisizo zangu.

Baadaye nikaanza kusimama. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja aliyesimamisha gari njia panda, ana kiroba cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Nilimwamkia kwa Kisukuma, akaitikia, akapanda nyuma pamoja na kiroba chake. Nikamwambia mbele kuna nafasi. Akasema pale panamtosha. Tulipofika mnadani akaja dirishani kwangu.

"Mzee hajambo?"

Tangu mzee anikabidhi funguo sikuwa nimesikia habari zake. Ningesema sijui, ningesema kweli, naye angekwenda zake.

"Hajambo," nikasema. "Anakusalimu sana."

Uso wake ukafunguka. Akaweka kiroba chini, akanisimulia jinsi mzee alivyomkimbiza hospitali alipozidiwa na uchungu wa kitinda mimba wake, mvua inanyesha, mto umejaa, na jinsi walivyosubiri maji yapungue huku mzee anamwimbia nyimbo za kwaya. Alinishika mkono wakati anasimulia. Kwa muda mrefu hakuna mtu aliyekuwa ameniambia jambo lolote zaidi ya kuuliza kipimo cha dawa ya kupe.

"Mwambie nimezipokea," akasema, akashukuru kwa Kisukuma: "Wabeja."

Basi ikawa kila mnada nina salamu. Nilimpa mzee maumivu ya magoti. Nikamfanya aulizie ng'ombe wa fulani kama keshazaa. Watu wakawa wanalisubiri gari njiani, wananisimulia habari za kumpelekea, na mimi nasikiliza mpaka mnada unachangamka bila mimi. Wakanipa michembe nimfikishie, na siku moja kuku. Nilikuwa nasema nitakwenda Kahama wiki ijayo. Michembe niliila na chai. Kuku akaanza kutaga uani kwangu. Mimi huyu, niliyechapa watoto wa watu kwa sababu ya uongo!

Gari nililitunza kuliko nilivyojitunza mwenyewe. Dizeli ya kwenye madumu ya barabarani huwa na maji, kwa hiyo nilijifunza kuyatoa kwenye chujio kwa mkono wangu kila Jumamosi. Oili nilibadilisha kabla ya wakati wake. Hata hivyo mvua zilipokaribia kukatika likaanza kutoa moshi mweusi na kuchoka kwenye vilima. Fundi akasema ni nozeli, zile za kunyunyizia dizeli kwenye injini, akanielekeza kwa fundi wa pampu za dizeli wa Kahama.

Yule wa Kahama alifunua boneti, akaiangalia pampu, akaishika kwa vidole viwili.

"Hii niliifunga mimi," akasema. "Hili si gari la marehemu?"

"Marehemu nani?"

"Mama, hukupata habari? Mzee tumemzika mvua zinaanza."

Alizifungua nozeli, akazipima kwenye mashine yake, akanionyesha: mbili zinanyunyiza vizuri, mbili zinatema matone. Nilitazama, lakini nilikuwa nahesabu minada. Msimu mzima wa mvua nilikuwa nimebeba salamu za mtu aliye kaburini.

Mnada uliofuata nilisimama njia panda, nikazima injini, nikamwambia bibi kwamba mzee amefariki. Akaweka mikono kichwani. Alipotulia akauliza lini. Nikamwambia. Akakunja vidole, kimoja kimoja. Bibi yule hakusoma, lakini minada anaihesabu kama mimi.

"Jumapili utupeleke tukatoe pole," akasema.

Wakaja wanawake sita, na unga na mchele, wakakaa nyuma. Kahama, kwa mwanawe, tulimkuta mjane wa mzee kwenye mkeka. Baada ya pole na machozi, bibi akaninyooshea kidole, bila kejeli yoyote.

"Huyu ndiye aliyekuwa anatuletea salamu zake. Hata mnada ule mwingine alituletea."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilidhani mjane atanifukuza. Badala yake akasogea kwenye mkeka, akanikaribia.

"Sisi hakutuambia neno," akasema. "Alianguka asubuhi, hakusema tena mpaka anakufa. Kwako alisemaje?"

Maneno nilikuwa nayo. Magoti, ng'ombe, vichekesho, vyote vilikuwa tayari mdomoni, na yule mama alikuwa anavingoja kwa macho yake yote.

"Hakusema kitu, mama," nikasema. "Tangu aniuzie gari sikuonana naye. Nilikuwa natunga. Sina mtu wa kuongea naye kule Segese."

Sikuwahi kulisema hilo kwa mtu, hata kwa wanangu wanaponipigia simu. Nilisikia aibu mpaka masikioni. Mjane akainamisha kichwa, akaanza kuvuta nyuzi za mkeka. Hakunitazama tena mpaka tunaondoka.

"Ungesema hivyo tu," bibi akasema taratibu. "Siku ile ya kwanza. Ungesema hivyo tu, mwanangu."

Walipanda nyuma wakiinuana, nikawasha gari tukaanza kurudi. Baada ya muda nikawaona kwenye kioo wanaongea, wanapokezana, mmoja kamlalia mwenzake begani. Nikapunguza mwendo nipate kusikia, lakini injini ya dizeli ina kelele, hata ikiwa na nozeli mpya.