Dakika Nyekundu

Miaka ile watu walipopagawa na dhahabu, pale Tarime mjini kila chumba chenye mlango wa barabarani kiligeuka ofisi. Yetu ilikuwa na vyumba vitatu, si mbali na nyumbani kwetu Nkende. Tuliandikisha mashamba yaliyotakiwa kwa ajili ya uchimbaji: mipaka, majirani, migomba, nyumba, makaburi. Makarani wanne walijaza fomu kwenye kompyuta, na mimi nilikuwa fundi wa kompyuta hizo. Nilikuwa na cheti kipya na kichwa kilichovimba.

Meneja wetu, mtu wa kuja ambaye siku nyingi alikuwa safarini, alinunua programu ya kusimamia wafanyakazi, akaniagiza niiweke kwenye mashine zote. Niliimaliza kazi hiyo kwa siku moja. Nikiwa mezani kwangu niliweza kuona skrini ya kila mmoja, kuzuia mchezo wa karata, hata kuzima mashine ya mtu bila kuinuka. Programu ilihesabu kila kitufe kilichobonyezwa. Mashine ikikaa dakika tano bila kuguswa, dakika zilizofuata ziliingia kwenye ripoti kwa rangi nyekundu. Nisiseme uongo, niliipenda ile kazi. Niliwaona watu walionizidi umri wakifunga kurasa zao haraka nikipita, nikajiona bosi.

Wiki ya kwanza tu karani mmoja, mvivu wa kutupwa, aligundua njia. Alifungua barua moja ya zamani, akawa anaandika mstari na kuufuta, anaandika na kuufuta, kutwa nzima. Ripoti ikamtoa wa kwanza. Nililijua hilo. Nilicheka peke yangu na kunyamaza, maana kumtaja kungekuwa kukiri kwamba programu yangu inadanganyika.

Aliyetoka wa mwisho alikuwa dada mmoja wa makamo, mzaliwa wa vijiji vya hukohuko kwenye dhahabu. Mstari wake ulikuwa mwekundu karibu wote, na sababu yake niliiona kila siku. Mzee akiingia, dada huyu hakubaki kwenye kiti huku mzee amesimama kaunta. Alitoka, akamwamkia shikamoo, akaenda kukaa naye kwenye benchi la mlangoni. Wakaanza kwa Kikurya: mvua, ng'ombe, nani ameoa, nani amehamia Mugumu. Nusu saa nzima kompyuta yake ilikaa bila kuguswa. Shamba lilikuja baadaye, na makaburi mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, kwa sababu mzee wa kwetu hamtaji mtoto aliyemzika mbele ya mtu ambaye hajamuuliza hata habari za nyumbani. Kisha dada alirudi mezani, akaandika yote kwa dakika kumi. Fomu zake wapimaji wa ardhi hawakuwahi kuzirudisha.

Kikurya ni lugha ya mama yangu. Nilielewa kila neno.

Mwezi ulipoisha meneja aliniita, ripoti iko mkononi mwake.

"Huyu mama anafanya kazi saa ngapi?" aliuliza. "Mimi hapa naona nyekundu tu. Au programu yako ina kasoro?"

Ningeweza kumwambia kwamba kazi ya yule mama iko kwenye benchi, na programu haifiki kwenye benchi. Ilihitaji sentensi moja tu. Lakini alikuwa ameshaniahidi kunipeleka Sirari na Mugumu nikaweke programu kama hiyo kwenye ofisi zetu za huko, nami nilishawatangazia watu nyumbani. Nikamjibu kwa uso mkavu, "Programu haina kasoro, mzee." Sikumsema vibaya yule dada, na kwa muda mrefu nilijifariji kwa hilo.

Ijumaa ileile alipewa barua ya kuachishwa kazi. Alikunja kanga aliyokuwa akiiweka kwenye kiti, akachukua kikombe chake, akamuaga kila mmoja wetu kwa mkono. Mimi nilijifanya nina shughuli na nyaya chini ya meza, akanisubiri hadi nikatoka.

Nafasi yake akachukua binti mwepesi wa vidole, na wala sina neno baya juu yake, alifanya alivyofundishwa. Aliuliza akiwa kwenye kiti: jina, mpaka wa juu, mpaka wa chini, kaburi lipo au halipo. Wazee walijibu kwa kifupi wakiwa wamesimama, wakaondoka. Mstari wake ukawa wa kijani mwezi mzima. Meneja akanisifia mbele ya wote.

Baada ya masika alikuja bibi mmoja. Tingatinga lilikuwa limeshasawazisha shamba lake, na ndani ya shamba hilo palikuwa na kaburi la mwanawe, mawe tu bila saruji. Nikafungua fomu yake. Penye makaburi paliandikwa hakuna. Nikatazama na kumbukumbu za programu: fomu ilijazwa kwa dakika nne, zote za kijani.

"Bibi, mbona siku ile hukusema?" binti alimuuliza, machozi yakimlengalenga.

"Nilikuwa nimesimama hapo, watu wamejaa nyuma yangu," bibi akajibu. "Mtoto wangu nimtaje namna gani hapo? Mniitie yule aliyekuwa anakaa na sisi."

Hakutaka kuongea na mwingine yeyote. Meneja akanituma nikamtafute. Nilimkuta yule dada kule Sirari, anauza vitenge karibu na mpaka wa nchi, nami nilitarajia matusi, na niliyastahili. Yeye alinisikiliza hadi mwisho, akamwachia jirani meza yake, tukapanda gari. Alikaa na bibi kwenye lile benchi hadi saa nane mchana. Nilisikia bibi akilitaja jina la mwanawe, na aliugua nini, na alizikwa ameelekea wapi. Kaburi lenyewe hakuna aliyeweza kulirudisha. Mimi nilikaa mbele ya skrini zangu zote, naona aibu hata kuinua uso.

Nilimsindikiza dada hadi stendi. Kabla ya kupanda gari alinigeukia.

"Mura, kijana wetu, sijapata nafasi ya kukushukuru," alisema. "Waliponifukuza nilimwambia mume wangu, yule kijana wa kompyuta lazima alinitetea. Mle ndani ni wewe tu uliyekuwa unaelewa Kikurya tunachoongea."

Safari ya Sirari na Mugumu nilishaifanya, sifa nilishazipata. Sikuwa na cha kupoteza tena kwa kusema kweli.

"Nilijaribu, dada," nikamwambia. "Hawakunisikiliza."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniombea baraka kwa Mungu, akapanda gari.