Kidole cha Mama wa Mazoezi

Tangu jiwe limwangukie Lukusa kichwani katika shimo la machimbo ya Kasulo, akili yake haitulii mahali pamoja hata dakika mbili. Mama wa mazoezi wa hospitalini humwagia mezani mawe ya kijani na meusi ayatenganishe kama alivyozoea machimboni, huku redio ikipayuka kwa makusudi ili kumjaribu. Mama mwenyewe hagusi jiwe hata moja. Macho ya Lukusa yakitoroka, mama hugonga meza kwa kidole, mara moja tu: “Rudi hapa, tata,” yaani baba, kwa heshima. Jana Mushiya, mke wa Lukusa, alihesabu mara arobaini, na ya arobaini ilikuwa na upole uleule wa ile ya kwanza.

Leo pikipiki ilinguruma dirishani. Mushiya akageuka kutazama. Kidole cha mama kikainuka.

“Mi niko hapa, mama,” akasema Lukusa, macho mezani.

Kidole kikabaki hewani, bila kugonga.