Kilikuwa Hakina Neno

Siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, marehemu babako aliponiita dukani kwake Malindi, ndani ya miaka ya themanini, wewe bado unanyonya. Alikuwa fundi cherehani. Akaniambia, "Dada, mguu huu hausikii. Nakanyaga, cherehani inasimama."

Vinundu alikuwa navyo mwili mzima tangu utoto, laini, vya kubonyea, kama alivyokuwa navyo babu yetu. Daktari mmoja alishatuambia zamani kuwa ni uvimbe wa mishipa ya fahamu, havina neno. Basi sisi tukalishika hilo, tukalitia kufuli. Sasa kimoja, cha nyuma ya paja la mguu huo, kilikuwa kimefika ukubwa wa limau, kigumu, kinamuuma hata akiwa amelala. Na mimi, mjuaji wa kuchua watu, nikamlaza mkekani nikamkanda kwa mafuta ya simsim. Miezi minne! Akigumia namwambia, "Vumilia, si uliambiwa havina neno?" Astaghfirullah, ujinga gani ule!

Tulipovuka feri Kilifi kwenda Mombasa, kilikuwa kishakuwa kama embe. Daktari wa huko, kijana mpole, akasema kimegeuka saratani. Nikambishia. "Kinundu ni kilekile, nakijua tangu hajabaleghe. Kimegeukaje?"

"Mama, kilikuwa hakina neno," akanijibu. "Sasa kinalo. Vingi havigeuki. Kwa nini kimegeuka hiki na si kingine, hata sisi hatujui."

Sikumwelewa, na hata sasa sielewi vizuri. Walimkata mguu, lakini maradhi yalikuwa yameshafika mapafuni. Kabla hajafa aliniuliza, bila hasira, "Dada, hivi ni nani aliyetudanganya?" Yule daktari wa kwanza hakusema uongo. Tatizo ni sisi, hatukurudi kumuuliza tena.

Jana ulipovua shati uwani nimeviona vinundu vilevile mgongoni mwako. Usiogope, vingi vitakaa hivyohivyo mpaka uote mvi. Lakini kimoja kikianza kukua mbio, kikiwa kigumu, kikikuuma, au kiungo kikifa ganzi, usije kwangu kuchuliwa. Nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulize upya, hata kama mwaka jana walikwambia u mzima. Wakikuona msumbufu, shauri yao.

Mola akuzeeshe, mwanangu, uufikie umri ambao babako hakuufikia.