Umeitoa Yote Uliyoiona

Jumapili ya kwanza ya likizo, saa nane unusu mchana, Anti Njeri alifika kwa Shosho, nyanya yangu, hapa mtaani Satellite akiwa na habari ya keki. Mwezi ujao anafanya sherehe ya shukrani kwake Kinoo, hema limeshaagizwa, kwa sababu uvimbe wa titi umeisha. Kemo, ile dawa ya saratani wanayoingiza kwa mshipa, ameiacha. Zilikuwa zimebaki dripu mbili tu, ya kesho na ya mwisho.

"Gusa mwenyewe, Mami. Hakuna kitu hapo."

Shosho hakugusa. "Shiko, lete kalamu," akaniambia. "Andika. Huyu mtoto wangu hasikii, labda atasoma."

Mimi huandika kila siku kwa sababu kuongea mbele ya watu hunishinda. Basi nikaandika.

Shosho alifanya kazi maabara mpaka akastaafu. Siku yake ya kwanza, katika hospitali moja huko mjini, Mkuu wa Maabara alimpa kopo lenye kipande cha titi kilichotoka kwa upasuaji, brashi ndogo na wino mweusi. Akaambiwa akipake wino nje pote kabla hakijakatwa. Alidhani wanamchezea kwa ugeni wake.

"Nikamuuliza, 'Bwana, tunakipamba?' Akaniangalia hivi. 'Wino ni alama ya mahali kisu kilipita. Ukiona chini ya hadubini seli mbaya imegusa wino, jua wenzake wamebaki kwa mgonjwa mwenyewe.'"

Nyama hiyo huingizwa kwenye nta iliyoyeyushwa, na ikishaganda hukatwa vipande vyembamba sana, hata ukikohoa vinapeperuka. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mjini, kisha akaifanya Kilimani, katika maabara ya watu binafsi, chini ya Daktari wa Patholojia, mama mmoja mkali aliyesoma magonjwa kwenye nyama kama mtu anayesoma gazeti. Siku moja daktari wa upasuaji aliingia kwa vishindo. "Saratani nimeitoa yote!" Yule mama hakuinua hata macho. "Umeitoa yote uliyoiona."

"Piga mstari hapo, Shiko."

"Lakini mimi sijakatwa," Anti akasema. "Ni dawa imeyeyusha."

"Afadhali hata kisu! Kisu kina wino. Dawa itaacha alama gani ya kukuonyesha imefika wapi?" Shosho alikuwa amesimama sasa. "Njeri, malaria ni mgeni. Dawa inamjua, inamtoa. Hii ni seli yako mwenyewe imekataa kuacha kuzaana. Ukiiuliza kitambulisho, inatoa chako! Ndiyo maana dawa ikiipiga, inapiga na nywele na utumbo. Tena seli hizo hazifanani. Zile dhaifu zinakufa, uvimbe unanywea, wewe unaagiza keki. Zile ngumu zinabaki zikizaa ngumu wenzao. Na zikirudi, dawa hiyo inaweza kushindwa nazo."

"Jirani yangu Mama Kevo, naye ni ya titi, alipewa dawa ingine kabisa na amepona."

"Kwa sababu ya Mama Kevo si yako! Jina ni moja, ugonjwa si mmoja. Nilikata za wanawake wangapi, na hakuna mbili zilikuwa sawa."

"Ulikuwa unakata nyama, Mami. Ulishawahi kuwekwa dripu?" Anti alikuwa amechukua mkoba. "Mdomo wote ni vidonda. Maji yananiunguza kama pilipili. Nikitoka huko nalala sakafuni bafuni nikitapika, peke yangu, mpaka asubuhi. Nikiwa na uvimbe sikuwa nasikia uchungu yoyote. Ni hii matibabu yenu ndiyo imenifanya mgonjwa! Kesho siendi. Msinisumbue."

Akatoka. Shosho alibaki akiufokea mlango.

Baadaye alikaa akasema mambo ambayo hakuniambia niyaandike. "Kazi yangu yote watu walinifikia wakiwa kwenye kopo. Kopo halikujibu. Nilipostaafu nilidhani ugumu wa saratani nimeuacha huko chini ya hadubini. Kumbe nusu yake inakuja hapa Jumapili, inakunywa chai yangu, inanibishia."

Mimi wote wawili walikuwa wamenichosha. Mmoja anahubiri seli, mwingine anahubiri keki, na lile neno "peke yangu" limepita katikati yao kama halikusemwa. Nilikasirika hadi nikashindwa kula.

Jumatatu asubuhi, kabla Shosho hajaamka, nilichukua ndoo ndogo yenye kifuniko na leso safi, nikaenda Kinoo. Anti alinifungulia akiwa bado na kitambaa cha kulalia kichwani.

"Umetumwa na mamangu?"

"La."

"Sasa?"

"Nimekuja kukushikia ndoo. Leo, na ile ya mwisho. Na usiku nitalala hapa."

Akawatukana madaktari wote wa Nairobi, pamoja na mamake ambaye hata si daktari. Halafu akasema viatu vyake viko chini ya kitanda. Nikaingia nikavitoa.