Mdogo Wangu Mkaguzi na Nguzo ya Ngazini

Mdogo wangu hakuweza kuingia nyumba ya mtu bila kuigonga. Wengine wakikaribishwa huvua viatu na kutafuta kiti. Yeye alisimama kwanza kando ya nguzo, akatoa mfukoni nyundo ndogo ambayo kichwa chake hakikuzidi yai, akagonga mara tatu na kutega sikio, mfano wa daktari aliyeinamia kifua cha mgonjwa. Akimaliza ndipo aliposalimia. Mji mzima ulimwita Nyundo. Hata wanangu, waliomwita mjomba akiwa mbele yao, walimwita Nyundo akishageuka.

Nilimzidi miaka minane. Mama alifariki mtoto akiwa bado anatambaa, nami nikambeba mgongoni mpaka miguu yake ikaanza kunigonga magotini, kwa hiyo hakuna anayeweza kunisimulia habari zake. Mimi nilimaliza darasa la saba, nikawa wa pili kati ya watoto arobaini na watatu, na cheti ninacho. Yeye hakufika huko. Shule ilikuwa inajenga madarasa mapya, na mwalimu alichoka kumtoa kwenye lundo la kokoto na kumrudisha kwenye dawati. Akiwa na miaka kumi na tano alikuwa anabeba karai la zege. Akiwa na ishirini alikuwa anafunga nondo, na mafundi wazima walimwita aje atazame kama wamefunga sawasawa.

Baraza la mji lilikuwa linatafuta mtu wa kumshikia mkaguzi wa majengo mwisho wa futi anapopima. Wakamchukua. Alishika futi miaka mitatu, akaonekana ana macho, akapelekwa kozi ya serikali ya miezi kumi na moja, akarudi mkaguzi msaidizi, na baadaye mkaguzi kamili. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na moja na hakuwahi kuhamia nyingine.

Siku ya harusi yake alianza kuzigonga nguzo za ukumbi wageni wakiwa wameketi. Wifi yangu, akiwa ndani ya shela lake jeupe, alimnyang'anya nyundo akaikalia mpaka sherehe ikaisha. Tulicheka mpaka machozi. Nalitaja hili msije mkadhani alikuwa mtu wa kununa tu.

Enzi hizo kanuni za ujenzi zilikuwa kitabu kimoja chembamba chenye jalada la kijani, kinaingia mfuko wa shati. Mkaguzi alitakiwa afike kwenye jengo mara tatu: msingi ukichimbwa, sakafu ya juu kabla ya kumwagwa zege, na mwisho nyumba ikiisha. Katikati ya hapo alikuwepo mwenye nyumba, fundi wake na Mungu wao. Jambo hilo lilimkera.

"Dada," aliniambia mara nyingi, "nguzo hatuzioni. Tunaonyeshwa miguu na kichwa, huku kwingine tunaambiwa."

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Mimi na yeye tulijenga nyumba ya ghorofa tatu, kidogo kidogo, kwa miaka minne. Chini tulikaa sisi, juu walikaa wapangaji. Kwa kuwa ilikuwa nyumba ya dada yake, mdogo wangu hakukubali kuikagua. Alimwomba mwenzake ofisini aje badala yake, watu wasipate la kusema. Mwenzake huyo tulimwita Haraka, na jina alilitendea haki. Alikuja mara tatu kama kitabu kilivyosema, na mara zote tatu akasaini.

Mume wangu akafariki. Nilibaki na nyumba, na nyumba ikabaki na mimi. Mwanamke mjane mwenye ghorofa tatu haombi chumvi kwa mtu. Nilipopita mtaani niliwasikia wakisema, yule pale ndiye mwenye nyumba, na sitadanganya, nilikuwa napunguza mwendo ili nisikie vizuri.

Halafu jengo moja upande wa pili wa mji likaanguka asubuhi ya siku ya kazi. Walitolewa watu kumi na mmoja, na hakuna aliyekuwa mzima. Serikali ikaandika kanuni upya. Kitabu kipya kilikuwa kinene kama tofali. Wakaguzi waliketi semina siku sita, na mdogo wangu alirudi na uso wa mtu aliyepata haki yake. Sasa kila nguzo ilipaswa kuonwa na mkaguzi kabla haijamwagwa. Na majengo yote ya zamani yenye ghorofa tatu kwenda juu yalipaswa kukaguliwa upya ndani ya miaka miwili. Litakaloshindwa lipakwe alama nyekundu, watu watoke, livunjwe.

Mji ulimgeuka. Walipomwona na kopo la rangi, walifunga mageti. Mwanamke mmoja sokoni aliniuliza mdogo wangu atawapeleka wapi watu wote hao, au atawajengea kwa nyundo yake. Mimi nilicheka. Nyumba yangu ilishakaguliwa. Haraka alikuja, akanywa chai, akainua macho darini, akasaini kwamba jengo ni imara. Ile karatasi niliitia kwenye fremu nikaitundika sebuleni.

Jumapili moja mdogo wangu alikuja kunitembelea. Nilikuwa namimina chai. Kama kawaida yake alisimama kwenye nguzo ya ngazini, ile inayobeba ngazi na nusu ya sakafu ya juu, akagonga. Akagonga tena. Akaanzia chini kabisa, akapanda taratibu, na alipofika usawa wa kifua akasimama hapo hapo.

"Dada, hapa zege liko wapi?"

"Liko wapi vipi? Si ndilo unaligonga?"

"Naligonga, haliitiki."

Nilimwambia mwenzake amesaini, na karatasi hiyo hapo ukutani. Hakuitazama. Alisema Haraka amekagua chai. Akaniomba mwenyewe niende ofisini nikaombe vipimo vya mashine, isionekane imetoka kwake. Nikamwambia nyumba yangu imesimama miaka ishirini na miwili haijawahi hata kupasuka, na kwamba kama kazi imemwishia akatafute nguzo za watu wengine.

Akakaa. Chai ikapoa mbele yake. Nami nikamwambia neno ambalo mpaka leo sijui lilitoka wapi: "Ukiipeleka nyumba yangu ofisini, usirudi hapa kuniita dada. Mimi ndiye niliyekubeba."

"Ndiyo maana siwezi kunyamaza," akasema.

Angeweza kunyamaza. Haya nayasema wazi, maana wengine walidhani alilazimishwa. Jengo lilikuwa limeshapita, saini ipo, jina la mkaguzi ni la mtu mwingine. Hakuna ambaye angekuja kumwuliza. Siku tisa zilipita. Wifi alinijia akilia, akasema mumewe hali chakula, ameandika ripoti mara mbili na mara mbili ameichana. Alinisihi niende mwenyewe nikaombe vipimo ili nimwondolee mzigo. Nilimkata jicho, nikamwambia mwenye mume ni yeye. Siku ya kumi ripoti ikafika mezani kwa mkuu wake.

Alikuja mhandisi, binti mdogo aliyevaa kofia ya plastiki, na mashine ya kupimia zege. Alipima nguzo zote kumi na nne. Kumi na tatu zilikuwa nzuri. Ya ngazini, usawa wa kifua, mashine ilisoma vibaya. Alinieleza kwa heshima, mama huku mama kule, kwamba nguzo hiyo peke yake ingeweza kutibiwa, lakini katika nguzo zote ringi za nondo zimeachana kuliko kanuni mpya inavyoruhusu, na kuziimarisha zote ni gharama ya kujenga upya. Nikapewa wiki tatu. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya juu alihama kwanza, kisha fundi cherehani na mashine zake nne.

Alama nyekundu alikuja kuipaka mdogo wangu mwenyewe. Aliomba kazi hiyo asipewe mtu mwingine. Aliipaka ndogo, chini kwenye kona karibu na mfereji, ambapo mpita njia asingeiona. Mimi niliona ni dharau. Nilifunga dirisha akiwa bado amechuchumaa.

Kuvunja kulichukua siku kumi na sita. Majirani walileta viti vyao kutazama, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu nyumba ilikataa kuvunjika. Nguzo zilikuwa ngumu kama chuma. Wavunjaji walipokezana, mishikio ya nyundo ikakatika, wakaleta mashine, nayo ikaharibika siku ya tano. Watu wakafurahi.

"Jengo bovu gani hili linaloua mashine?" alisema mmoja.

"Bovu ni sikio la Nyundo," akajibu mwenzake, na wote wakaangua kicheko.

Wakasema alikuwa na kijicho, kwamba dada mwenye ghorofa tatu na yeye anapanga vyumba viwili, lazima roho imuume. Wakaniuliza kama ni kweli. Sikusema ndiyo. Nilishusha pumzi na kuguna, na mguno wangu uliwatosha.

Siku ya kumi na nne, majirani wakiwa wameshachoka na kurudisha viti vyao, wavunjaji walifikia nguzo ya ngazini. Nilikuwa nimesimama karibu kwa sababu nilikuwa nasubiri mlango wa stoo wanitolee mzima. Msimamizi wao aliipiga usawa wa kifua mara mbili tu, ikakatika kama muhogo mkavu. Ndani yake, nyuma ya ganda jembamba la saruji, kati ya zege la chini na zege la juu, kulikuwa na tabaka la karatasi ya kaki lililosongamana, nene kama kiganja kilicholazwa. Nondo zilipita katikati yake zikiwa zimeliwa na kutu. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Miaka yote ile sakafu ilikuwa imekaa juu ya karatasi na nondo hizo.

Msimamizi akasema, "Mama, hii ni mifuko ya saruji. Nani alitia humu?"

Nikaikumbuka ile alasiri kama imetokea jana. Saruji iliishia nusu ya nguzo. Mafundi walifunga kazi, wakasema watamalizia kesho. Wingu likaja jeusi, mume wangu akiwa safarini. Nikaona mvua itaingia kwenye boksi la mbao lililozungushiwa nguzo na kulikoroga zege letu bichi, zege lililotuondolea akiba ya miezi mitano. Nikapanda ngazi, nikakunja mifuko mitupu, nikaitumbukiza kwa juu, nikaisukuma na ubao mrefu katikati ya nondo mpaka ikalifunika zege vizuri. Mvua ikanyesha na mimi nikalala nimeridhika. Asubuhi mtoto aliamka na homa, nikampeleka zahanati. Niliporudi mafundi walishamwaga. Boksi lilikuwa refu na giza, wao wanamwaga kwa juu, wasingeiona. Nilijiambia watakuwa wameitoa. Sikuuliza, na mkaguzi hakutakiwa kuja siku hiyo.

Nikamwambia msimamizi, "Tia kwenye lori na vifusi vingine." Akatia. Wiki iliyofuata yeye na watu wake walienda kazi ya mbali, na sikumwona tena.

Nilihamia kwa binti yangu, chumba cha uani. Mdogo wangu alistaafu baada ya miaka miwili. Kwenye faili la ofisi kuliandikwa limevunjwa, basi. Hakuna aliyeandika kilichoonekana ndani, na yeye kwa kuniheshimu hakuwahi kufika kazi ikiendelea. Wifi aliwaambia wanangu kwamba mumewe anauliza kila mtu aliyekuwepo, na kila mtu anamsimulia jinsi nguzo zilivyokuwa ngumu. Akaacha kutembea na nyundo. Aliingia nyumba za watu akasalimia na kukaa kama wengine. Wenye nyumba walicheka, wakasema Nyundo amepona.

Miaka saba sikusema naye. Tulikutana kwenye misiba, yeye anasema shikamoo dada, mimi namjibu kwa kichwa.

Alipougua ini, wanangu walinibeba kwa nguvu mpaka kwake. Alikuwa amekwisha, shati limemvaa badala ya yeye kulivaa. Wifi alikuwa amesimama mlangoni ameshika kikombe. Mgonjwa aliniuliza habari za kichwa changu, maana kilikuwa kinanisumbua zamani.

"Dada," akasema, "nguzo ya ngazini. Walikuta nini?"

Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamtazama wifi, nikaona kikombe kimetulia mkononi mwake, naye anasubiri kuliko hata mumewe. Nikaona atakavyonitazama nikishasema. Nilikuwa dada mkubwa katika ile familia, sijawahi kukosolewa na mtu.

"Sikuangalia," nikasema.

"Haya, dada," akasema, akageukia ukutani.

Tulimzika baada ya siku kumi na mbili. Wifi bado huwaambia watu kwamba mwishoni mumewe alikuwa akinong'ona kuwa labda sikio lilimdanganya na mashine ikakosea, labda alinitoa nyumbani kwangu bure. Halikumdanganya. Kulikuwa na karatasi ndani ya nguzo ile, na niliyeitia ni mimi. Wapangaji tisa na wanangu wanne walipita chini yake miaka ishirini na miwili, na aliyewatoa wakiwa hai ni yeye. Nimeyaandika haya kwa mkono wangu mwenyewe, na wa kwanza kuyasoma atakuwa wifi.