Niliwaambia watu wa Bunia nimeona samaki wabichi wa Kasenyi, na sikuwa nimeona

Wakuu, habari za jioni. Nimesoma uzi wa juzi humu ndani, ule wa ndugu yetu aliyeuliza kwa nini watu wa mashariki ya Kongo hawaamini taarifa za serikali hata zikiwa za kweli. Wengi mmejibu kwamba ni ukosefu wa elimu. Wengine mmesema ni uvumi wa mitandao.

Mimi ningependa kujibu kwa kusimulia kitu kilichonipata mwenyewe, wakati wa vita ya Ituri. Hakuna nilichopamba. Sehemu nisizozikumbuka vizuri nitasema sizikumbuki, na mwishoni mtaelewa kwa nini nachunga sana jambo hilo.

Wakati ule nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Bunia mjini. Kijana, sijaoa, naongea Kifaransa kizuri na napenda kusikilizwa. Hiyo ya mwisho iwekeni akilini.

Kwanza niwaeleze hali ilivyokuwa, maana wengi wenu mko mbali.

Mji ulikuwa unabadilisha watawala. Leo wakubwa ni hawa, baada ya muda ni wale. Kila kundi likiingia lilikuwa na gari lenye kipaza sauti. Lilizunguka mitaa yote likitangaza jambo moja: hali imetulia, rudini kazini, barabara ziko salama. Wakiingia wengine, gari jingine, maneno yaleyale. Mara moja nilitambua hata sauti ya mtangazaji. Walibadilika wakubwa, yeye alibaki na kazi yake!

Kwa hiyo mtu akisikia "hali imetulia" alikuwa anaanza kufunga mizigo. Huo haukuwa ujinga, wakuu. Watu walikuwa wamejifunza.

Sasa habari za kweli tulizipata wapi?

Karibu na soko kulikuwa na fundi redio, Papa Dieudonné. Mtu mzima, mnene, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alikuwa na redio iliyounganishwa na betri ya gari, na kila alasiri watu walikusanyika mbele ya kibanda chake kusikiliza habari. Zikiisha, mjadala unaanza. Tulipaita Bungeni. Hakuna kiti, wote wamesimama.

Pale Bungeni palikuwa na sheria moja tu. Ukisema unaleta habari, kabla hujaanza kuisimulia, Papa Dieudonné anakuuliza:

"Macho ao masikio?"

Yaani umeona mwenyewe, au umesikia? Ukisema masikio, unamtaja aliyekuambia, unaongea, watu wanasikiliza nusu nusu. Ukisema macho, kelele zinakoma, unaulizwa maswali. Ulisimama wapi? Ulikuwa na nani? Wenye macho walikuwa wachache na waliheshimika.

Mimi sikuwa na macho hata siku moja. Nilikuwa mtu wa kutafsiri. Habari za Kifaransa zikisomwa, nawaeleza kwa Kiswahili wale wasioelewa. Kazi nzuri, na niliifanya kwa moyo. Lakini palikuwa na jamaa mmoja, Jérôme, aliyewahi kufanya kazi ya forodha kule Aru kabla vita haijamrudisha nyumbani. Huyu alikuwa na ulimi.

"Mwalimu, weye kila siku masikio tu," alikuwa ananiambia mbele ya watu. "Siku moja utasikia hata harusi yako mwenyewe kwa redio."

Watu wanacheka. Na mimi nacheka. Ilikuwa inaniuma.

Sasa kulikuwa na mama mmoja aliyekuja kila siku, Mama Vero. Kabla ya vita aliuza samaki. Alikuwa anawapokea kutoka Kasenyi, kule chini ziwani, wakipitia Bogoro mpaka Bunia. Barabara ilipofungwa, biashara ilikufa, lakini shida yake haikuwa biashara. Binti zake wawili walikuwa kule Kasenyi kwa bibi yao. Walikuwa wamekwenda kumsalimia tu.

Mama Vero hakuuliza habari za Kinshasa wala za mazungumzo ya amani. Alisimama pembeni mpaka siasa iishe, kisha anauliza: "Na barabara ya Bogoro?" Mtu akijibu hajui, anashukuru na kuondoka. Hivyo kila siku, wiki baada ya wiki.

Nilikuwa namhurumia sana. Naomba mlielewe hili, kwa sababu uongo wangu ulitoka hapo pia, si kwenye majivuno peke yake.

Siku moja asubuhi, mzazi wa mwanafunzi wangu, dereva, aliniambia kwamba malori mawili ya samaki yamepanda kutoka Kasenyi. Alisema kwa uhakika wote. Darasani siku ile sikufundisha vizuri. Nilikuwa naisubiri saa ya Bunge.

Nikafika. Habari zikaisha. Nikasema nina habari ya barabara ya Bogoro. Nikamwona Mama Vero ameinua kichwa. Nikamwona Jérôme naye ameanza kutabasamu.

"Macho ao masikio?" Papa Dieudonné akauliza.

Nikasema: "Macho."

Wakuu, neno moja tu. Sikuwa nimelipanga.

Maswali yakaanza. Ulisimama wapi? Nikasema pale barabara ya Bogoro inapoanza, nilikuwa natoka kumwona mgonjwa. Ulikuwa na nani? Peke yangu. Malori mangapi? Mawili, la pili lina turubai ya buluu. Turubai niliitunga palepale. Nilishangaa jinsi ilivyokuja kirahisi.

Kisha Mama Vero akasogea mbele. Hakuwahi kumhoji mtu hata siku moja.

"Mwalimu, ile samaki ilikuwa mubichi ao makayabo?"

Makayabo ni samaki wa chumvi waliokaushwa. Mimi sikujua chochote kuhusu samaki zaidi ya kuwala. Nikafikiri, mbichi ni jibu zuri zaidi, litamfurahisha.

"Mubichi, mama."

Akashika mdomo kwa mikono miwili. Akasema asante, Mwalimu, mara tatu au nne, akaondoka karibu anakimbia.

Jérôme akanipigapiga bega. "Leo umekuwa mutu." Nilirudi nyumbani nimejaa fahari.

Kesho yake mchana nikampitia yule dereva, nimshukuru na kupata maelezo zaidi ili Bungeni wakiniuliza tena nisikwame. Nikamuuliza turubai ilikuwa rangi gani.

"Turubai? Mi sijaona, Mwalimu. Ni shemeji alinielezea."

"Na samaki? Wabichi?"

Akacheka. "Mubichi itoke wapi? Makayabo, ilikuwa imelala kwa depo huku njiani tangu zamani. Walihamisha tu."

Ndipo nikaelewa swali la Mama Vero. Kwa mtu wa biashara ile, samaki mbichi hana ujanja. Akifika Bunia mbichi, basi ametoka ziwani jana au leo, na barabara yote imepitika. Makayabo anaweza kulala popote miezi, hakuambii kitu. Mama alikuwa amenipima kwa kipimo anachokiamini kuliko vyote, na mimi nilijibu kwa kubahatisha.

Nilikimbia mpaka kwake. Mlango umefungwa. Jirani akaniambia ametoka alfajiri na mdogo wake, Odette. "Wameenda kuchukua batoto. Banasema njia iko wazi, mwalimu mumoja aliona."

Nikaenda hadi pale barabara inapoanza. Palepale nilipodai nilisimama! Askari wakaniuliza naenda wapi. Nilitazama ile njia. Sikuthubutu, wakuu. Nikageuka.

Kulikuwa na jambo moja lililobaki mikononi mwangu. Nikaenda kwa fundi redio.

Saa ya habari ilikuwa bado, lakini watu wameanza kufika. Nikamwambia Papa Dieudonné nataka kuongea. Akaniuliza kama kawaida, macho ao masikio. Nikasema: "Bongo. Jana nilisema bongo." Bongo kwa Kiswahili cha kwetu ni uongo.

Nikaeleza yote.

Nilitegemea matusi. Yalikuja, hasa kwa Jérôme: "Afadhali ungebaki na masikio yako!" Lakini Papa Dieudonné alimnyamazisha kwa mkono, akawageukia watu.

"Nani mwingine alikuwa amejipanga kwenda? Anyoshe mukono."

Mikono minne. Mmoja alikuwa baba mwenye baiskeli, mizigo tayari imefungwa nyuma.

"Basi mubaki," akasema. Kisha akanitazama juu ya ile miwani. "Na weye utaenda kwa bwana ya Odette. Utamwambia mwenyewe. Asisikie kwa mutu."

Nilikwenda. Yule bwana alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa kiti, akaingia ndani, hakutoka tena. Nilikaa kwenye kile kiti sijui muda gani, kisha nikaondoka.

Siku kumi na moja zikapita bila habari yao. Gari la kipaza sauti lilipita mara mbili likisema barabara ziko salama. Mara ya pili nilijificha nyuma ya ukuta wa shule kama mwizi, kwa sababu nilisikia kwamba yale yalikuwa maneno yangu.

Siku ya kumi na mbili Mama Vero alirudi. Na binti zake wote wawili.

Mtaa mzima ulitoka kumpokea. Na alasiri, Bungeni, ukazuka mjadala ambao sijawahi kuusahau, ndio hasa nilitaka kuwaletea hapa.

Jérôme alisimama akasema hivi: "Tusikilizane. Mwalimu alisema bongo, batoto bamerudi. Kama angesema masikio, mama angebaki hapa anauliza njia mpaka leo. Sasa munamlaumu nini? Wakubwa wetu wanatudanganya, hakuna anayerudi. Huyu alidanganya vizuri."

Watu wakacheka, na wengi wakakubali. Wengine walinishika mkono kunipongeza. Mnaona mtego? Palepale nilikuwa napewa nafasi ya kuwa shujaa.

Papa Dieudonné hakuamua. Alisema tu: "Mama iko hapa. Tumuulize mama."

Mama Vero akaongea, pole pole. Barabara haikuwa wazi. Mbele kidogo walikutana na watu wanakimbia kuja Bunia, wakawaambia rudini. Hakuwaamini. Alijiambia hawa wameogopa tu, Mwalimu aliona samaki mbichi. Mara ya pili wakaambiwa tena rudini, akajiambia vilevile. Walipofika karibu na Bogoro milio ya risasi ikaanza, wakaacha njia, wakashuka kwenye bonde mvua inanyesha. Odette akateleza. Mguu ukavunjika chini ya goti. Watu wa kijiji kimoja wakamficha na kumfunga mguu kwa miti, Mama Vero akaendelea peke yake kwa vijia vya mashambani. Wakati wa kurudi walimchukua Odette kwa machela.

Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, hata kama ungesema masikio, ningeenda. Mi ni mama. Lakini ningeenda peke yangu. Singemuchukua mudogo yangu."

Jérôme alitazama chini. Redio ilizimwa mapema.

Nilimfuata Odette nyumbani. Amelala kwenye mkeka, mguu umevimba, mume wake amekaa karibu na hakunitazama. Nilianza kueleza: nilikuwa nataka kuwapa moyo, nilimwona dada yako anateseka, nilidhani kwamba... Nyie mnajua mwalimu akianza kueleza.

Alinikatisha.

"Mwalimu, siye tunajua kuogopa. Tumezoea. Kule njiani mi niliogopa, nikamwambia dada turudi, akasema hapana, Mwalimu aliona. Weye ulichukua woga yetu. Siku ingine kama haujue, sema haujue. Utuachie woga yetu, itatusaidia."

Niliacha kujieleza.

Mguu uliunga vibaya. Odette bado yuko Bunia, ana wajukuu, na anachechemea. Tukikutana sokoni ananisalimia vizuri kabisa, na mimi natembea polepole ili tuende sawa.

Sasa, wakuu, turudi kwa swali la yule ndugu. Kwa miaka mingi niliamini tatizo la wakubwa wetu ni kwamba ni watu wabaya. Wengine walikuwa wabaya kweli. Lakini mimi sikuwa mbaya, nilikuwa na huruma, na nilitoa tangazo lilelile la gari la kipaza sauti. Nadhani hata yule mtangazaji huenda alijiambia anawapa watu moyo.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu anayekuambia "sijui" anakuachia akili yako uitumie. Anayekuambia "nimeona" ameichukua, na unatembea na yake. Ndiyo maana napenda kiongozi, mwandishi, hata mchangiaji wa humu jukwaani, anayeanza kwa kusema habari hii ameitoa wapi. Nikimkosa huyo, siwashangai watu wanaofunga mizigo.

Vijana mnaosambaza habari kwenye simu, siwagombezi. Mimi nilifanya hivyo bila simu.

Ila kuna kitu bado kinanitatiza, na ningependa kusikia mawazo yenu bila kuoneana aibu. Wale binti wawili ni watu wazima sasa, mmoja ni muuguzi. Kila nikimwona, najiuliza kama mama yao angefika kweli bila ule uongo, au angegeuka mara ya kwanza alipoambiwa rudi. Yeye anasema angefika. Mimi sijui.

Nyie mnaonaje?